Kigae Kilichokwenda Kwao

Kilburn, London, hakuna bahari. Nalisema mapema nisije nikadhaniwa nimerukwa na akili, kwa sababu kwa miaka mingi nyumbani kwetu, katika fleti ya kupanga juu ya duka la mazulia, siku ilifunguliwa kwa habari za bahari. Binti yangu aliamka, akanipita jikoni bila hata ya salamu, akanyanyua simu ya ukutani na kupiga nambari anayoijua kwa moyo. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mwanamume iliyorekodiwa, ikisoma hali ya mawimbi ya pwani moja ya Cornwall: wimbi lina urefu gani, upepo unatoka wapi, maji yanajaa saa ngapi. Mwanangu alisikiliza amefumba macho, mswaki mdomoni. Kisha akaweka simu, akasukutua, akaenda kupanda basi la shule, katika mtaa ambao maji pekee ya kufika kwa miguu ni ya mfereji uliojaa chupa.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ugonjwa huo aliupatia shuleni. Walimu waliwapeleka Cornwall, kule Uingereza inakoishia, wakajifunze habari za miamba, na yeye akarudi amejifunza kusimama juu ya ubao huku wimbi likimsukuma. Alikuwa na miaka kumi na minne. Akafagia nywele saluni kila Jumamosi mpaka akapata ubao wake mwenyewe, uliokwisha kutumiwa na mwenziwe, mrefu kuliko yeye, na ubao huo ukahamia koridoni kwetu ukawa unamgonga kila mgeni.

Wageni wangu wengi walikuwa wanawake wenzangu wa Kizanzibari, na hawakuuona ubao tu. Bafuni kulitundikwa suti nyeusi ya mpira, ikichuruzika maji.

“Bibi we,” mmoja alinambia, “unamwachia mtoto wa kike aingie baharini na mavazi haya?”

“Wa kwako akienda zake madukani Oxford Street huvaa nini?” nikamuuliza. “Wangu kafunikwa mpaka vifundo vya miguu.”

Mazungumzo yakahamia kwenye mapishi. Baba yake labda angemkataza, lakini baba yake alikwenda Dubai kutafuta maisha, na inaonekana hata leo maisha yenyewe bado yanatafutwa.

Mimi sikumkataza kwa sababu nilijua alikolitoa jambo lile. Maji hufuata mkondo. Mama yangu, aliyekuwa Pemba, alikuwa hivyo hivyo. Kila Ijumaa nilinunua kadi ya simu duka la pembeni, nikapiga nyumba ya jirani yake, wakamwita, na kabla hata salamu hazijakwisha mama alikuwa ameshanipa habari za maji. “Leo bamvua, upepo mdogo, tumeshuka.” Au: “Maji mafu haya, hatukushuka.” Kwa asiyekulia pwani: bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali sana yakauacha mwamba wazi, na wanawake wa kwetu wakashuka na vikapu kuokota chaza na kombe. Maji mafu ni siku za katikati, bahari inaposogea kidogo tu kama mtu mvivu, na huko pwani hakuna la kuokota. Mama alishuka maisha yake yote. Alipozeeka akawa haokoti tena, lakini alishuka kutazama wengine wanavyokosea.

Akishamaliza kunipa habari zake, alimtaka mjukuu wake. Nilimpa binti yangu simu. Yeye alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha mama akamuuliza swali moja, lile lile kila Ijumaa: “Na huko kwenu, maji vipi?” Mtoto alielewa. Kiswahili chote alikielewa, kilichomshinda ni kukitoa. Akawa mwekundu masikio, akasema “fine, Bibi”, akanirudishia simu. Mama akacheka, akasema haidhuru, Kiingereza nacho ni maneno.

Sasa nije kwenye kigae.

Kijijini kwetu, nyuma ya mikarafuu, kuna makaburi ya kale ya mawe na chokaa. Watu wa zamani walipozika mkubwa walipachika ukutani mwa kaburi mabakuli ya kigeni, yakabaki humo yaking'aa. Mengi yameng'olewa au yamevunjika. Kwenye kaburi la wazee wetu lilibaki moja, la rangi ya maji ya kina kifupi, si kijani si kijivu, na chini yake wamechorwa samaki wawili walionyanyuka kidogo ukipapasa kwa kidole. Nilipokuwa msichana mti uliangukia ukuta ule na bakuli likapasuka kati. Nusu yenye samaki mmoja ilibaki ukutani. Nusu ya pili ilidondoka na mama akaiokota.

Mwaka niliotoka, na sisi tuliotoka Pemba miaka ile ya baada ya Mapinduzi hatukutoka kwa kuaga, mama alinivalisha kigae kile kiunoni ndani ya kipande cha kanga. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, nisiukwangue mgongo wake, wenye chokaa ya kaburi. La pili, nikirudi, nikirudishe mahali pake. “Mmoja ukutani, mmoja kwako,” alisema. “Siku nikiwaona wote wawili ukutani nitajua umefika.”

Nilikitia kabatini Kilburn pamoja na vikombe vya wageni. Wenzangu waliniambia kitu cha kaburini hakikai ndani ya nyumba, kinaandama. Niliwaambia mimi nimeandamwa na mwenye nyumba miaka kumi, kigae kitanifanya nini?

Nilikuwa nikifanya kazi Hayes, karibu na uwanja wa ndege, katika bohari ambamo tulipanga vyombo na vyakula vya abiria. Kazi yangu ilikuwa vyombo: sahani ndani ya sahani, bakuli ndani ya bakuli, na kati yake karatasi, maana ukisahau karatasi yanang'ang'aniana na msimamizi anakuja na uso wake. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila kona, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kunisemea.

Siku moja ya mapumziko, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, binti yangu alinipeleka kwenye makumbusho moja katikati ya mji, pa kuingia bure. Tulikwenda kuepa mvua, hatukuwa na haja nyingine. Tukapita vyumba, nikichoka, mpaka nikasimama mbele ya kioo kimoja nisiweze kusogea. Ndani mlikuwa na bakuli letu. Zima, halina ufa, rangi ile ile, na samaki wawili chini yake. Binti yangu akanisomea kibao: China, wilaya ya Longquan, zaidi ya miaka mia sita.

Ijumaa ile sikungojea habari za maji. “Mama,” nilisema, “bakuli limetoka China.”

Ilikuwa habari kubwa, maana mama na jirani yake walikuwa wamebishania suala hilo tangu ujana wao. Jirani alishikilia kwamba ni la Wareno. Mama alishikilia kwamba jirani hajui kitu.

“China sehemu gani? Pwani?” akauliza.

“Mlimani, mama. Mbali na bahari.”

Kadi ikawa inakwenda. “Mlimani,” akasema. “Watu wa mlimani wamewajulia wapi samaki?”

“Sijui.”

“Basi nenda ukawaulize. Kabla hujakirudisha kwangu, kipeleke kwao kwanza kikawaamkie. Kitu hakijaonana na jamaa zake miaka yote hiyo.”

Nilicheka, naye akacheka, lakini mama hakuwa mtu wa kusema jambo akalifuta. Nikaanza kujipanga. Na nikiwa katika kujipanga, mama akafariki. Niliitwa kutoka kwenye mstari wa vyombo Hayes kupokea simu, nikaambiwa amefariki alfajiri na keshazikwa baada ya adhuhuri, pembeni ya kaburi lile la wazee. Nilirudi kwenye mstari nikamaliza mabakuli yaliyobaki, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Msimamizi akaniambia nenda nyumbani. Nikamwambia nyumbani ni mbali.

Tangu siku ile nilijua ninalotakiwa kulifanya: kigae kiende kwao, kisha kirudi ukutani kwa mama, kizima. Nisipolifanya hilo, basi miaka yote niliyokaa Uingereza nimempa ahadi ya uongo mwanamke ambaye hakuwahi kunidanganya.

Katikati ya miaka ya elfu mbili tukaenda China, mimi na binti yangu. Alikuwa amemaliza chuo, na chuo chenyewe alikichagua kwa ukaribu wa mawimbi, ingawa mimi alinieleza habari za kozi. Tukapatana: kwanza mlima wangu, kisha bahari yake. Mji mdogo tuliofikia ulizungukwa na milima ya mianzi na mawingu. Tulikula mayai na tambi za mgahawa mmoja wa Waislamu, na mwenyewe alipoona mtandio wangu alituletea chai bila kuulizwa. Na kila asubuhi binti yangu aliingia kwenye duka la intaneti, kati ya vijana wanaocheza michezo, akatoka na hali ya mawimbi ya pwani ya karibu, mwendo wa saa nyingi kwa basi.

“Madogo,” aliniambia kwa Kiingereza. “Upepo unatoka baharini. Machafu.”

“Subiri kidogo,” nilimwambia. “Mwezi unakwenda kumi na nne. Keshokutwa bamvua.”

“Mum, bamvua ya Pemba.”

“Mwezi ni mmoja. Bamvua ya Pemba ni bamvua ya dunia nzima, inatofautiana saa tu.”

Aliangalia jedwali kwenye karatasi aliyochapisha, akaona ni kweli, nami nikafurahi kupita kiasi.

Mahali penyewe, palipochomwa mabakuli yale zamani, palikuwa juu ya kijiji. Tulikwenda siku ile ile na mkalimani, msichana mwanafunzi mwenye haya nyingi. Tanuri la kale ni refu, limejengwa likipanda mlima, na juu yake wameweka paa la kulikinga na mvua. Moto uliwashwa chini ukapanda wenyewe, mkalimani alieleza, ukiunguza maelfu ya mabakuli kwa mara moja. Lakini mimi sikuwa natazama tanuri. Nilikuwa natazama kando yake, nyuma ya kamba, ambako mlima wenyewe ulikuwa vigae. Sikosei: mlima. Vigae juu ya vigae, na mvua ilikuwa imevinyeshea, vyote vina ile rangi ya bakuli la mama yangu.

Nikaona mabakuli matano yameganda pamoja, moja ndani ya mwenzie, yamepinda. Nikacheka kwa sauti.

“Huyu alisahau karatasi,” nikamwambia binti yangu, na yeye aliyezisikia hadithi zote za Hayes akacheka pia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nalieleza kama lilivyokuwa. Kwetu ukimleta mtoto aliyezaliwa ugenini, hukai naye mlangoni ukasema huyu hapa. Unamlaza mapajani mwa wakubwa zake. Anapakatwa, ananuswa, anaombewa dua, ndipo anapokuwa ameonana nao. Mimi sikuwa nimesafiri mpaka mlimani kule ili kigae kiwaone jamaa zake kutoka ndani ya mkoba. Nikakifungua kanga, nikapitisha mkono juu ya kamba, nikasema bismillahi, nikakilaza ukingoni mwa rundo, samaki juu.

“Haya,” nikakiambia, “amkia.”

Kikakaa vizuri. Kisha kigae kilichokuwa chini yake kikateleza, na juu yake vikateleza vingine, vikalia kama vyombo vinavyooshwa, na vilipotulia sikukiona changu.

Sijui kama nitaweza kueleza. Nilikuwa nimekitazama kigae kile kwa zaidi ya miaka thelathini. Ningeapa kwamba ningekijua hata kwa kupapasa. Na sasa mbele yangu kulikuwa na vigae vyenye mapezi, vigae vyenye mikia, samaki nusu, samaki wazima, na vyote vilikuwa changu na hakuna kilichokuwa changu. Nikamwona mama amesimama karibu na ukuta, anangoja.

“Mum, umefanya nini?” binti yangu alisema. Akapiga magoti, akapitisha mikono yake chini ya kamba, akaanza kuvigeuza. Hakutazama samaki hata mmoja. Alitazama migongo. Akavigeuza vitatu, vinne, akainua kimoja chenye mgongo mweupe. “Hiki hapa.”

Nikakichukua, nikakitia mkobani haraka haraka. Na ndipo filimbi ilipolia.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mlinzi alikuja mbio, mwanamume mzima na kofia yake, akaonyesha mkoba wangu. Alichokiona alikiona sawasawa: wanawake wawili wageni wamepiga magoti, wamechakura rundo, mmoja kaingiza kigae mkobani, na kigae chenyewe kina samaki. Kama ningekuwa mimi mlinzi, ningelipiga filimbi kwa nguvu zaidi. Lakini sikuwa mlinzi. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba ni mali yangu. Mkalimani, akiwa karibu kulia, akasema mlinzi anasema kila anayekamatwa husema hivyo. Nikamwambia nimekuja nacho kutoka London. Mlinzi akauliza kwa nini mtu atoe kigae London akilete kwenye mlima wa vigae. Lilikuwa swali zuri mno, na likanikasirisha. Nikamaliza Kiingereza changu nikaingia kwenye Kiswahili, tena cha Pemba, cha kugombana, na sauti yangu ikapanda mlima kuliko moto wa tanuri lao. Mlinzi hakutikisika. Akafungua mkoba, akakitoa kigae kwa vidole viwili, na akawa nacho mkononi.

Niliogopa. Sikuogopa polisi. Niliogopa kwamba atakirudisha kwenye rundo, kwa nia njema kabisa, na hapo kitakuwa kimekwenda kwao moja kwa moja.

Akaitwa msimamizi wa mahali hapo, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nilifungua mdomo nianze upya. Binti yangu akaniwekea mkono begani, akanitangulia, na alizungumza Kiingereza polepole ili mkalimani asipotewe na maneno.

“Tafadhali geuza,” alisema. “Ile nyeupe mgongoni si udongo wa hapa. Ni chokaa ya matumbawe. Watu wa bibi yangu huchoma matumbawe ya baharini wakapata chokaa, wakaichanganya na mchanga wa pwani, ndiyo wakajengea makaburi. Kuna gamba dogo la kombe wa baharini limeganda humo, hapo pembeni. Kutoka hapa hadi baharini ni mbali kiasi gani?”

Mimi mwenyewe gamba lile sikuwahi kuliona. Msimamizi akavaa miwani. Akakigeuza kigae kwenye mwanga, akakwaruza kwa ukucha, akaagiza lenzi kutoka ofisini, akatazama tena. Mvua ikaanza upya juu ya paa la tanuri. Nikamshukuru mama kimoyomoyo kwa kunikataza nisiukwangue mgongo ule, maana mimi mtu wa Hayes, kitu kichafu hakinikai machoni, na mara nyingi nilikuwa nimeshika brashi.

Hatimaye mwanamke yule akacheka, cheko fupi la mtu aliyeletewa zawadi. Akamwambia mlinzi maneno mawili, mlinzi akavua kofia, akanipa mkono. Mkalimani akapata uhai.

“Anauliza ni wapi.”

“Pemba,” nilisema. “Kisiwa. Afrika ya Mashariki.”

Msimamizi akaonyesha rundo. Vyote unavyoviona, alisema, ni vilivyoharibika. Vilipinda, vilipasuka, viligandana, vikatupwa hapa hapa. Vile vizuri viliondoka, na tunavyovijua ni hivi vibaya tu, kwa sababu vizuri havirudi.

Nikakitazama kigae changu kwa jicho jingine. Kumbe jamaa zake wote hawa ni waliofeli mtihani. Chetu kilipasi, kikavuka bahari, kikakaa ukutani mwa watu wa heshima. Nilijisikia fahari ya kipumbavu, kama mzazi siku ya matokeo.

Nilimuuliza swali la mama. Watu wa mlimani wamewajulia wapi samaki? Alitupeleka mpaka ukingoni akaonyesha chini, mto unapita kijijini. Samaki wa mtoni, alisema, na wawili pamoja ni dua ya ndoa njema. Nikamkumbuka wa Dubai, nikaona kwamba pengine ndiyo sababu, mimi nilibeba mmoja tu.

Kisha akaniomba, kwa adabu na kwa kusitasita, kama ningekiacha. Angekitia ndani ya kioo, peke yake, na maelezo: kiliondoka, kikarudi. Vijana wangekuja kukitazama. Alisema kweli, na yalikuwa maombi ya mtu anayekipenda kitu. Mkalimani alipomaliza kutafsiri wote wakanitazama, hata mlinzi.

“Mwambie ahsante,” nilisema. “Mwambie kimekuja kuamkia, hakikuja kuhamia. Mwenziwe anamngoja ukutani, na mama yangu amelala pembeni anawangoja wote wawili.”

Sijui yule msichana aliyatafsiri vipi, lakini msimamizi aliinamisha kichwa. Akatuandikia karatasi yenye mhuri mwekundu ili uwanja wa ndege wasitusumbue, akakifunga kigae mwenyewe ndani ya kanga, akaikunja kanga vizuri kuliko nilivyoikunja mimi.

Keshokutwa yake tukafika pwani. Ilikuwa bamvua, kama nilivyosema, na maji yalikuwa yamekwenda mbali mno, yakaacha tope hadi upeo wa macho. Maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Wimbi hata la kuogeshea kuku halikuwapo. Mwanangu aliyetoka Uingereza akiyasoma maji yale kila asubuhi alisimama akayatazama, kisha akakaa mchangani.

“Flat,” alisema. Maji bapa, hayana wimbi.

Nikakaa naye. Kisha akasema, kwa Kiingereza, akitazama mbele, “Nilikuwa najua Bibi anachoniuliza. Kila Ijumaa. Na jibu nilikuwa nalo, nimelisikia asubuhi ile ile kwenye simu. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia hata mara moja.” Akafuta uso kwa mkono wenye mchanga. Nikamshika mguu.

Mwaka uliofuata tulikwenda Pemba. Nilikuwa nimeagiza chokaa ya matumbawe ichomwe kwa njia ya zamani. Binamu yangu alikuja na mfuko wa saruji, akanieleza kwamba ni imara zaidi na haina taabu. Nilimwambia akajengee choo. Wanaume walinuna kidogo kuona wanawake wanashika mwiko makaburini, wakasema hiyo ni kazi ya fundi, nami nikawajibu fundi nimekuja naye.

Samaki wa ukutani alikuwapo, na kuvu pembeni ya pezi. Binti yangu alipangusa, akapaka chokaa mbichi, akakisogeza kigae, akakigeuza kidogo, akakibana kwa kiganja. Ufa wa hiki ukaingia kwenye ufa wa kile bila kubakisha nafasi. Samaki wawili, kichwa cha huyu kikifuata mkia wa yule. Nilidhani nitasema jambo la maana. Nilisema, “Usitoe mkono mpaka ishike.”

Hakutoa. Iliposhika akanawa, akaenda kwenye kaburi la mama, palipokuwa pa mawe madogo na mchanga tu, akachutama. Nilidhani anasoma Fatiha, nami nikanyanyua mikono. Kupitia minazi bahari ilionekana, imekupwa mpaka kwenye mwamba, na vichwa vya wanawake na vikapu vyao mbali. Kumbe alikuwa anayatazama maji. Aliyatazama vile alivyokuwa akisikiliza simu ya Kilburn, ametulia, hana haraka. Halafu nikamsikia, kwa Kiswahili, kizito, kila neno analiweka chini kama chombo kinachoweza kuvunjika.

“Shikamoo, Bibi. Leo bamvua. Upepo mdogo.” Akameza mate. “Tumeshuka.”